Nakala Iliyoahirishwa: Historia ya Jitihada za Kuhifadhi Data Kubwa ya Programu kwenye Diski kwa Kumbukumbu Ndogo

Ikisiri

Programu inayobeba data kubwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta hukabiliwa na tatizo kongwe: namna ya kuiandika data hiyo kwenye diski bila kusimamisha kazi na bila kuhitaji kumbukumbu maradufu. Makala haya yanafuatilia historia ya suluhisho lililotawala tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani kuahirisha kunakili mpaka pale mmoja wa washirika wa data atakapotaka kuibadilisha. Mifano imetolewa katika mifumo ya TENEX, Unix, System R, Linux na Redis. Makala yanadai kwamba mbinu hiyo haikuifuta gharama ya kumbukumbu. Iliihamisha kutoka wakati unaojulikana kwenda wakati usiojulikana, na mabishano mengi yaliyofuata yalihusu nani abebe hatari ya uhamisho huo.

1.0 Utangulizi

Neno kumbukumbu katika Kiswahili lina mzigo mkubwa. Kumbukumbu ni kile akili inachokishika, na kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayobaki baada ya wajumbe kutawanyika. Kwa mtaalamu wa kompyuta maana hizi mbili ni vitu viwili tofauti, na umbali uliopo baina yao ndio chanzo cha tatizo linalojadiliwa hapa. Katika makala haya kumbukumbu ni ile ya muda, inayopotea umeme unapokatika. Kinachobaki kwenye diski kitaitwa hifadhi.

Tatizo lenyewe linaelezeka kwa mfano mdogo. Programu ina gigabaiti 10 za data ndani ya kumbukumbu, na data hiyo inabadilika kila sekunde kwa sababu wateja wanaendelea kuitumia. Inatakiwa kuandikwa kwenye diski kama ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati. Njia ya kwanza ni kuwasimamisha wateja wote mpaka uandishi uishe, jambo linaloweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Njia ya pili ni kutengeneza nakala kamili pembeni, kisha kuiandika nakala hiyo taratibu. Lakini sasa zinahitajika gigabaiti 20. Njia ya tatu ni kuandika huku data ikibadilika, na matokeo yake ni faili ambalo nusu yake ni ya saa nne na nusu nyingine ni ya saa nne na dakika moja. Katika hesabu za benki, faili la namna hiyo ni baya kuliko kukosa faili kabisa, kwa kuwa linaonekana zima.

Historia inayofuata ni ya watu waliokataa kuchagua kati ya njia hizo tatu.

2.0 Mistari 27: fork na diski

Mwaka 1963 Melvin Conway alichapisha pendekezo la namna programu moja inavyoweza kugawanyika katika njia mbili za utekelezaji, akatumia jina fork kwa tendo hilo. Wazo lilipata umbo la kutumika katika mfumo wa kushirikiana muda uliojengwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye mashine ya SDS 940. Kutoka huko lilimfikia Ken Thompson wa Bell Labs, New Jersey, alipokuwa akiunda kilichokuja kuitwa Unix.

Mazingira ya Thompson yalikuwa finyu. Mashine yake ya PDP-7 ilikuwa na maneno 8K tu ya kumbukumbu, kila neno likiwa na biti 18. Michakato haikuweza kukaa pamoja ndani ya nafasi hiyo; mmoja ulipopewa zamu, mwingine ulihamishiwa kwenye diski. Dennis Ritchie, alipoandika mwaka 1979 kuhusu mageuzi ya Unix, alieleza kwamba amri ya fork iliongezwa kwa kutumia zana zilizokuwapo tayari: mchakato uliokuwa ukiendelea ulinakiliwa kwenye eneo la diski la kuhamishia michakato, na jedwali la michakato likarekebishwa kidogo. Ritchie alitaja hata urefu wa kazi hiyo: mistari 27 ya lugha ya asembli.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Katika umbo lake la kwanza ndani ya Unix, fork ilikuwa tendo la kuandika kumbukumbu ya programu kwenye diski. Mchakato mwana ulizaliwa ukiwa diskini. Miongo minne baadaye, waandishi wa hifadhidata walipoitumia fork kuhifadhi data, walikuwa wanairudisha amri hiyo karibu na kazi iliyoanza nayo, ingawa hakuna dalili kwamba walilifikiria hilo.

Unix ilipohamia kwenye PDP-11, mfumo ulichukua kilobaiti 16 za kumbukumbu na programu za watumiaji kilobaiti 8, pamoja na diski ya kilobaiti 512. Kwa ukubwa huo, kunakili mchakato mzima halikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi. Tatizo lilikua pamoja na kumbukumbu.

3.0 TENEX na wazo la kungoja

Wakati Unix ikinakili kila kitu, kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Massachusetts ilikuwa imejenga TENEX kwa ajili ya mashine ya PDP-10. Makala ya Bobrow, Burchfiel, Murphy na Tomlinson ya mwaka 1972 yanaeleza mfumo uliogawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512. Maunzi maalumu yaliuwezesha kujua kila ukurasa umeruhusiwa kusomwa, kuandikwa au vyote viwili. Miongoni mwa ruhusa hizo ilikuwamo moja ya ajabu kidogo: ukurasa ungeweza kutumiwa kwa pamoja na michakato mingi mpaka mmoja wao utakapojaribu kuuandika. Hapo tu, na kwa ukurasa huo peke yake, mfumo ulitengeneza nakala ya faragha kwa ajili ya mwandishi.

Mbinu hii itaitwa hapa kunakili wakati wa kuandika. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Kurasa zote zinazoshirikiwa huwekewa alama ya kusomwa tu. Mchakato unapojaribu kuandika, prosesa hukataa na kuuita mfumo endeshi. Mfumo hutazama, hugundua kwamba katazo lilikuwa la hila tu, hunakili ukurasa, huondoa alama, na mchakato huendelea bila kujua kwamba ulisimamishwa. Kama kati ya kurasa milioni moja ni elfu moja tu zitakazoguswa, nakala elfu moja ndizo zitakazotengenezwa.

Mfumo hapa unaahidi kitu ambacho haujakitoa. Mchakato unaamini kwamba una nakala yake kamili, ilhali nakala haipo. Ahadi hiyo ni salama maadamu walioahidiwa hawatadai wote kwa pamoja.

Wazo linalofanana na hili lilitumika pia upande wa diski. System R, mradi wa utafiti wa hifadhidata wa IBM huko San Jose, ulitumia kurasa za kivuli, mbinu iliyoelezwa na Raymond Lorie mwaka 1977: ukurasa uliobadilishwa uliandikwa mahali papya, na ule wa zamani ukaachwa mpaka hali mpya ikamilike. Inafaa kusemwa kwa heshima ya wabunifu hao kwamba mwaka 1981, Jim Gray na wenzake walipotathmini kazi yao, walikiri kuwa kwa mafaili makubwa mbinu ya vivuli ilikuwa ghali, na kwamba daftari la mabadiliko lingefaa zaidi. Si wengi katika taaluma hii walioandika hukumu kama hiyo juu ya kazi ya mikono yao.

4.0 VAX, Mach na prosesa isiyotii

Unix iliingia katika ulimwengu wa kurasa kwa kuchelewa. Toleo la 3BSD la Berkeley, lililotolewa mwishoni mwa mwaka 1979 kwa mashine za VAX, lilikuwa na kumbukumbu pepe iliyojengwa na Özalp Babaoğlu na Bill Joy, lakini fork yake bado ilinakili kila kitu. Ili kupunguza maumivu waliongeza amri ya vfork, ambamo mwana huazima kumbukumbu ya mzazi huku mzazi akisimama. Kwa kuanzisha programu mpya ilitosha. Kwa kuhifadhi data haikufaa hata kidogo, kwa sababu mzazi aliyesimama ndilo tatizo lilelile la njia ya kwanza. Wabunifu wenyewe waliiona kama kiraka cha muda, na mwongozo wa mfumo ulisema ingeondolewa pindi ushirikishaji wa kurasa wa kweli utakapopatikana. Amri hiyo bado ipo.

Ushirikishaji huo ulikuja na mfumo wa Mach, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon katikati ya miaka ya 1980 chini ya Richard Rashid, na kwa upande wa biashara na SunOS 4.0 ya mwaka 1988. Linux ilizaliwa nao: msimbo wa kwanza kabisa wa Linus Torvalds wa mwaka 1991 ulikuwa tayari unashirikisha kurasa kati ya mzazi na mwana. Ila prosesa ya Intel 80386 ilikuwa na kasoro moja. Alama ya kusomwa tu iliheshimiwa programu za kawaida zilipoandika, lakini kiini cha mfumo kilipoandika, prosesa iliipuuza. Kwa hiyo kiini kililazimika kukagua chenyewe kila anwani kabla ya kuiandikia, vinginevyo kingeharibu data ya mchakato mwingine kimyakimya. Intel ilirekebisha jambo hili katika 486.

5.0 Picha ya mchakato unaokimbia

Kutumia mbinu hii mahususi kwa ajili ya kuhifadhi kulianza kwa watafiti wa hesabu ndefu za kisayansi. Programu ya siku kumi inayokatika siku ya tisa ni hasara isiyohitaji ufafanuzi. Kai Li, Jeffrey Naughton na James Plank walionyesha mwaka 1990 namna ya kupiga picha ya programu sambamba huku ikiendelea kukimbia, kwa kulinda kurasa zake na kunakili zile zinazoguswa. Mwaka 1995 Plank, Micah Beck, Gerry Kingsley na Li waliwasilisha libckpt, maktaba ya Unix iliyofanya hivyo kwa njia nyepesi: iite fork, mwache mwana aandike kumbukumbu yote kwenye diski, mzazi aendelee na kazi. Mwana anaona ulimwengu kama ulivyokuwa nukta ile aliyozaliwa, na hakuna anachoweza kufanya mzazi kitakachombadilishia picha hiyo.

6.0 Redis: mbinu yafika mtaani

Mwaka 2009 Salvatore Sanfilippo, mwandishi wa programu kutoka Sicily, Italia, alitoa hifadhidata aliyoiita Redis. Aliihitaji kwa ajili ya huduma yake ya kuchambua matembezi ya tovuti papo kwa papo, kazi iliyozilemea hifadhidata za kawaida. Redis huweka data yote ndani ya kumbukumbu, na huhifadhi kwa fork: mwana hupita katika data kipengele kimoja baada ya kingine, hukiandika katika faili la muda, na mwishoni hulibadilisha jina faili hilo lichukue nafasi ya lile la zamani. Ikiwa lolote litaharibika katikati, faili la zamani lipo zima.

Wengi waliomfuata Sanfilippo hawakuwa wamesoma habari za TENEX wala libckpt. Walichokuwa nacho ni mashine moja, mara nyingi ya kukodi, na swali la ni kiasi gani cha kumbukumbu walipie. Hapo ndipo deni la ahadi lilipoanza kudaiwa.

Dai la kwanza lilitoka kwa mfumo endeshi. Programu yenye gigabaiti 10 ikiita fork kwenye mashine yenye gigabaiti 16, je, Linux ikubali? Kwa hesabu ya tahadhari, zinahitajika gigabaiti 20 na hazipo. Kwa hesabu ya uzoefu, mwana hataandika karibu chochote na mzazi ataandika kidogo. Linux imeacha uamuzi kwa msimamizi: thamani 0 humaanisha kukadiria, 1 kukubali daima, 2 kukataa kila kinachozidi kipimo. Redis ikiwaka na kuikuta thamani 0 huonya kwamba kuhifadhi kunaweza kushindikana, na hushauri 1. Ushauri huo una maana, lakini ni ushauri wa kuahidi bila kikomo. Kama wote walioahidiwa watadai, mfumo utachagua mchakato mmoja na kuuua, na mchakato mnene kuliko wote ndio huwa wa kwanza kutazamwa. Mnene katika mashine hiyo ni hifadhidata yenyewe.

Dai la pili lilikuwa la jedwali la kurasa. Kurasa hazinakiliwi wakati wa fork, ila orodha ya kurasa hunakiliwa. Kwa data ya gigabaiti 24 na kurasa za kilobaiti 4, orodha ina maingizo 6,291,456. Kila ingizo likiwa la baiti 8, jumla ni megabaiti 48 za kunakili huku wateja wote wakingoja. Kwenye mashine pepe za Xen, ambazo kampuni nyingi changa zilikuwa zinakodi wakati huo, kungoja huko kulirefuka vibaya, na Sanfilippo alilazimika kueleza mara kwa mara kwamba ucheleweshaji hautoki katika programu yake.

Dai la tatu ndilo lenye mafunzo mengi zaidi, kwa sababu lilitoka katika jambo lililokusudiwa kuwa msaada. Mwaka 2011 Linux 2.6.38 ilianza kuunganisha kurasa ndogo kuwa kurasa za megabaiti 2 bila programu kuombwa, ili kuharakisha utafutaji wa anwani. Athari yake juu ya kuhifadhi inaonekana kwa hesabu ya mkono. Data ya gigabaiti 10 ni kurasa 2,621,440 za kilobaiti 4. Wakati mwana anaandika, wateja wakifanya mabadiliko 100,000 yaliyotawanyika, kila moja kwenye ukurasa wake, nakala zitakazotengenezwa ni kilobaiti 400,000, yaani takriban megabaiti 390. Data hiyohiyo katika kurasa za megabaiti 2 ni kurasa 5,120 tu. Mabadiliko 100,000 yaliyotawanyika yatazigusa karibu zote, na wakati huo badiliko la baiti moja lilinakili megabaiti 2. Kumbukumbu ilikaribia maradufu, yaani njia ya pili iliyokataliwa hapo mwanzo ilirudi kupitia mlango wa nyuma. Redis ikaongeza onyo jingine: zima kipengele hicho.

Ndani ya Redis kwenyewe kulifanyika marekebisho ya adabu ya kumbukumbu. Majedwali yake ya kutafutia hukua kwa kuhamisha maingizo kutoka jedwali dogo kwenda kubwa, kazi inayogusa kurasa nyingi bila kubadilisha maana ya data yoyote. Kwa hiyo, mwana anapokuwa kazini, mzazi huepuka uhamisho huo mpaka ulazima uwe mkubwa. Aidha, tangu toleo la 2.6, Redis iliyoshindwa kuhifadhi hukataa maandiko mapya. Baadhi ya watumiaji waliona hili kama usumbufu. Lakini hifadhidata inayoendelea kupokea malipo ya watu huku ikijua kwamba diskini hakifiki kitu ingekuwa inawadanganya, na ukali huo wa Redis unastahili kutetewa. Dawa ya deni ni kulipa, au walau kusema kwamba huna.

7.0 Wasomaji wanaoandika

Mbinu ya kuahirisha inategemea dhana kwamba kusoma si kuandika. Katika lugha kadhaa dhana hiyo si kweli. Python, katika utekelezaji wake wa kawaida, huweka ndani ya kila kitu hesabu ya wangapi wanakitumia. Kukitazama tu huongeza hesabu, na kuongeza hesabu ni kuandika. Mwana anayepita katika data akiisoma ili aihifadhi hujikuta amenakili karibu kila ukurasa alioupitia. Mkusanyaji taka, anayezungukia vitu vyote akiviwekea alama, huongeza madhara hayo. Wahandisi wa Instagram walieleza mwaka 2017 kwamba walimzima mkusanyaji huyo kwenye seva zao ili kurasa zibaki zikishirikiwa, na Python 3.7 ya mwaka 2018 ikaleta amri ya kugandisha vitu vya zamani asiviguse. Ruby ilikuwa imetangulia: toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilitoa alama za mkusanyaji nje ya vitu vyenyewe na kuziweka katika ramani ya biti ya pembeni.

Kuna pia kumbukumbu anayoila mwandishi wa faili mwenyewe, hata pasipo fork. Java, tangu ilipoleta uhifadhi wa vitu katika toleo la 1.1, hukumbuka kila kitu ilichokwisha kuandika kwenye mkondo uleule, ili kikitajwa tena isikirudie bali ikielekeze. Maktaba ya pickle ya Python hufanya hivyo pia. Ni uangalifu mzuri kwa data yenye mizunguko, lakini kwa mamilioni ya rekodi zisizohusiana, orodha hiyo hukua bila kupungua, na kitu kilichopaswa kuachiliwa hushikiliwa na mwandishi wake. Dawa ipo katika lugha zote mbili, nayo ni kumwamuru mwandishi asahau kila baada ya kundi la rekodi. Huandikwa kwa mstari mmoja, na programu nyingi zimeanguka kwa kuukosa.

8.0 Ahadi juu ya ahadi

Mwaka 2019 Andrew Baumann, Jonathan Appavoo, Orran Krieger na Timothy Roscoe walidai kwamba fork imepitwa na wakati na ifundishwe kama kipande cha historia. Hoja zao kuhusu kuanzisha programu mpya zina nguvu. Kwa kuhifadhi data, hata hivyo, mbadala wenye urahisi uleule haujapatikana, na utafiti uliofuata umeelekea kuitengeneza badala ya kuizika. Mwaka 2021 Kaiyang Zhao, Sishuai Gong na Pedro Fonseca wa Chuo Kikuu cha Purdue walipendekeza kwamba hata jedwali la kurasa lisinakiliwe wakati wa fork. Mzazi na mwana washirikiane ngazi yake ya chini, na kipande cha maingizo 512, kinachosimamia megabaiti 2 za kumbukumbu, kinakiliwe siku ya kwanza ambapo mmoja ataandika ndani ya eneo hilo.

Hivyo mbinu ya TENEX imegeuzwa na kutumiwa juu ya vyombo vyake yenyewe. Megabaiti 48 zilizowangojesha wateja wa Redis hugawanywa katika vipande vya kilobaiti 4, kila kimoja kikilipwa na mteja wa kwanza atakayeandika katika eneo lake. Anayeandika wa kwanza atangoja kidogo zaidi kuliko anayemfuata, na hakuna atakayemwambia kwa nini.